Esansi ya namba gani? Swali ambalo pompi zetu hazijibu



Leo tunaomba tuache kidogo maneno ya viti na ya majina ya wakubwa. Tuzungumze juu ya kitu kimoja ambacho karibu kila mutu hapa mjini anakilipia, akiwa na gari ama akipanda tu moto ya kwenda soko, na hajui vizuri ni nini: esansi.

Hapa Butembo, simama mbele ya pompi na umuulize yule kijana anayeshika bomba: "Hii ni oktani ngapi?" Mara nyingi atakutazama kama vile umemuuliza umri wa bibi yake. Atakujibu: "Ni esansi." Ukikaza, atasema: "Ni super." Ukikaza tena, atakuonyesha bei. Hatumcheki. Yeye ni kijana kama sisi, labda diplome yake pia iko ndani ya valizi chini ya kitanda. Hakuna aliyemwambia namba. Aliyemwajiri hakumwambia, mwenye kamyo hakumwambia, na Serikali, ambayo inachukua sehemu yake kwenye kila lita inayovuka mpaka, haikumwomba aijue.

Swali hilo linatufikia sana, juu watu wanafikiri sisi tuliosoma tunajua kila kitu (tungekuwa tunajua kila kitu, tungekuwa na kazi). Mwenye Vitz anauliza kama super itamwongezea nguvu ya kupanda mlima. Motari anauliza kwa nini moto yake ya miezi minane imeanza kugonga kama ya miaka kumi. Yaya mmoja ameleta Subaru kutoka Kampala na anauliza aweke nini ndani. Basi tujibu kwanza swali lenyewe, vile linastahili, halafu tuseme kwa nini jibu linabaki nusu fasi ambayo pompi haina namba.

Wenye mazutu, nyinyi wa Fuso na Land Cruiser za mazutu, mambo haya hayawahusu. Mazutu ina kipimo chake kingine, kinaitwa setani. Musicheke, njo jina lake.

Tuingie ndani ya motere, ama injini, vile jirani zetu wanasema. Pistoni inapanda na kukandamiza mchanganyiko wa hewa na esansi. Ikikaribia juu, buji inatoa cheche, moto unaanzia pale kwenye buji na kutembea mpaka mwisho wa silinda, pistoni inasukumwa chini. Njo vile gari inatembea. Lakini kitu ukikikandamiza kinapata joto. Ule mchanganyiko ambao bado unangoja moto uufikie, ukipata joto na kubanwa kupita kiasi, unachoka kungoja na unalipuka wenyewe. Hapo kuna mioto miwili ndani ya nyumba moja, na inagombana. Ni ile sauti munayosikia wakati gari imepakia na inapanda: ka-ka-ka-ka, kama misumari ndani ya kopo la maziwa. Mafundi wanasema motere "inagonga".

Oktani ni kipimo cha uvumilivu wa esansi mbele ya ule mkandamizo. Namba ikipanda, esansi inavumilia zaidi kabla ya kulipuka yenyewe. Ndani ya laboratwari kuna motere ndogo ya silinda moja, ambayo mkandamizo wake unaweza kubadilishwa. Wanaweka esansi wanayotaka kupima, wanasikiliza inavyogonga, wanailinganisha na maji mawili yanayojulikana: isooktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa sifuri. Wakisema esansi ni 91, maana yake inavumilia sawasawa na mchanganyiko wa isooktani 91 na heptani 9 ndani ya mia. Hakuna kingine ndani ya ile namba. Haikuambii kama esansi ni safi, haikuambii kama haina maji, na zaidi ya yote haikuambii kama ina nguvu. Lita moja ya 95 na lita moja ya 91 zinabeba karibu nguvu ileile. Rangi pia haisemi kitu. Ile ya njano na ile ya kijani zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, tofauti ni dawa ya rangi tu.

Kwa hiyo kuchagua ni rahisi kuliko vile wauzaji wanavyotaka tuamini: weka namba ambayo watengenezaji wa motere waliomba. Usiweke chini yake. Na ukiweka juu yake, kwa gari nyingi za mji huu unatupa pesa. Mwenye Vitz anayekimbilia super ili "gari ipumue", motere yake haina namna ya kutumia ule uvumilivu wa ziada. Ni kama kumlipa mutu aweze kungoja saa tano, wakati wewe utamfikia ndani ya dakika kumi.

Namba iliyoombwa utaipata wapi? Ndani ya kitabu cha gari, lakini tuseme ukweli, gari zetu zinafika huku zikiwa na mwenye wa tatu ama wa ine, na kitabu kilibaki Yokohama ama Dubai. Basi fungua kile kifuniko kidogo cha tanki, upande wa ndani. Gari za Ulaya nyingi zimeandikwa pale 95. Gari za Japani zinaandikwa kwa Kijapani, na hapo wengi wanakata tamaa bure: chukua telefone, piga picha, ile programu ya kutafsiri itakusomea. Japani wana aina mbili. Ya kawaida, ambayo sheria yao inaanzia oktani 89, na ile ya juu wanayoita haioku, ambayo inaanzia 96. Vitz na IST zilitengenezwa kwa ile ya kawaida. Subaru Forester ya turbo iliombewa haioku, kwa hiyo yule yaya wetu wa Kampala afungue kifuniko chake kabla hajafungua mfuko. Moto za kutoka India, ambazo njo maisha ya mji huu, zinatoka inchi ambayo esansi yake ya kawaida kwa miaka mingi ilikuwa 91.

Jambo moja kwa wale wanaofuata video za Marekani. Mutaona pale pompi imeandikwa 87 na mutafikiri Wamarekani wanatumia esansi mbaya kuliko sisi. Hapana. Wao wanachanganya vipimo viwili na kuchukua kati na kati. 87 yao iko karibu na 91 ama 92 ya kipimo kinachotumiwa Ulaya, Japani na huku kwetu. Usimwambie fundi wako "video imesema 87".

Sasa, ukiweka chini ya ile namba? Motere za kisasa zina kapta inayosikiliza kugonga. Ikisikia, kompyuta ya gari inachelewesha cheche ili motere isijiharibu. Gari haitakufa leo. Itakuwa legevu, itapanda kwa shida, na itakunywa zaidi. Kwa hiyo pima: esansi ya bei nafuu ikikuachia franga tano kwenye kila mia, lakini gari ikinywa nane zaidi ndani ya mia ili ikufikishe fasi ileile, nani amepata faida? Turbo ni mbaya zaidi, juu yenyewe inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Na motere ya zamani ya kabureta haina kapta. Moto zetu nyingi pia hazina. Hizo zinagonga mpaka pistoni ipate joto la kutosha kutoboka, na wakati unasikia vizuri kwamba kuna shida, shida imekwisha kazi yake.

Mwenzetu mmoja, mwenye lisansi ya sheria, alichukua moto kwa deni mwaka uliopita. Alihesabu kila kitu: pesa ya jioni ya mwenye moto, chakula, kodi ya nyumba, hata buji za kubadilisha. Ndani ya hesabu yake hakukuwa mstari wa pistoni. Ilitoboka akiwa amepakia. Fundi akasema ni esansi. Kule stasioni wakasema ni fundi. Kadhafi wa kwenye kona yake akasema yeye ananunua paka kwenye stasioni ile ile, waende huko. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kunyooshea kidole, isipokuwa yeye, ambaye alibaki na deni. Na sisi, na sheria yake yote aliyosoma, hatukuweza kumsaidia kushtaki mutu, juu ushahidi ungekuwa nini? Alinunua "esansi". Alipewa "esansi". Hakuna mahali ambapo aliahidiwa 91, kwa hiyo hakuna mahali ambapo aliibiwa.

Tuangalie pale vizuri. Namba isipoandikwa, mwizi analindwa. Lakini hata mwenye stasioni aliye mwaminifu hawezi kujitetea siku watu wanamtuhumu bure. Labda kweli ilikuwa fundi. Labda ilikuwa oili mbaya. Hatutajua.

Kuna kitu kingine kinachotudanganya huku kwetu, na wachache wanakijua. Sisi tunaishi juu, milimani. Hewa ya juu ni nyepesi. Motere isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, kwa hiyo mkandamizo wa ndani ya silinda unapungua, kwa hiyo inaomba oktani ndogo kuliko gari ileile ikiwa kando ya bahari. Siyo hadithi: kule Colorado, Marekani, ambayo ina milima mingi, stasioni zinauza 85 ya kipimo chao kama esansi ya kawaida, wakati mahali pengine ni 87, hata kama watengenezaji wa gari mpya wanawashauri watu wasiinunue. Maana yake kwetu ni kwamba gari ya Butembo inaweza kumeza esansi dhaifu miezi mingi bila kupiga kelele. Mwenye gari anasema: "Kadhafi wangu ni muzuri, sijawahi kuona shida." Halafu siku moja anapata mzigo. Anashuka Beni, anashuka tena mpaka Kasindi, kule kwenye joto la bonde, anapakia mpaka rosori zinalala, anajaza tanki kwa esansi ileile ya bei, na anaanza kupanda. Hapo misumari inaingia ndani ya kopo. Mukisikia hiyo sauti mukiwa munapanda, punguzeni kikanyagio, rudisheni vitesi chini ili motere izunguke kwa wepesi, musiisukume ikiwa imechoka. Na mukifika, musiongeze esansi ileile.

Zile chupa ndogo za "kuongeza oktani" munazoona madukani, musome vizuri. Nyingi zinaahidi "pointi". Pointi mara nyingi ni sehemu moja ya kumi ya namba. Ukiongezewa pointi kumi, umetoka 90 kwenda 91. Hesabu bei yake halafu uamue.

Tuje kwa kile kinachouma. Esansi yetu inasafiri. Meli inaishusha Mombasa, inaingia ndani ya bomba la Kenya mpaka Eldoret ama Kisumu, kamyo zinaichukua, zinapita Uganda yote, zinafika Mpondwe na kuvuka Kasindi. Pale Mombasa ina karatasi, na kwenye karatasi kuna namba. Kisha kila fasi inapobadilisha mkono, namba inafifia kidogo, mpaka inafika kwetu ikiwa neno tu. Na njiani kuna kishawishi kimoja kikubwa: petroli, yale mafuta ya taa. Inachanganyika na esansi vizuri, haijitengi kama maji, na macho hayaioni. Lakini oktani ya petroli iko chini sana. Ukiiingiza kidogo tu ndani ya esansi nzuri, umeshusha namba ya tanki zima. Hatusemi kila stasioni inafanya hivyo. Hatusemi kila kamyo. Tunasema kwamba mutu akitaka kufanya, leo hakuna kitu kinachomzuia isipokuwa roho yake.

Wakati malalamiko yanazidi, tunajua kitakachofanyika, juu tumekiona mara nyingi: watakimbiza makadhafi. Bidoni zitakamatwa, chupa zitamwagwa, kijana mmoja atalala mahabusu, na jioni kila kitu kitarudi kama zamani na bei ya kumwachilia itakuwa imeongezwa juu ya lita. Sisi hatukubali hiyo njia. Wengi kati ya makadhafi ni sisi wenyewe, ni wadogo wetu, ni mama ambaye chupa zile njo minervali ya watoto. Hatuwasafishi wote. Kuna wenye kuingiza petroli, tunawajua na wao wanajijua, na esansi inayokaa siku nzima ndani ya plastiki kwenye jua inapoteza sehemu yake nyepesi, asubuhi ya baridi motere inakataa kuwaka. Waambieni wauzishe ndani ya kivuli, na mbali na mbabula ya mama wa mandazi, tafadhali. Lakini kadhafi ukimuuliza namba atakujibu nini, kama pale aliponunua hakuna namba? Anzeni juu.

Juu ni wapi? Bei ya esansi hapa Kongo haipangwi na mungu. Wizara ya Uchumi inatoa karatasi ya bei, kwa kanda, franga kwa lita: esansi, mazutu, petroli. Wanajua kuhesabu kila ushuru mpaka franga ya mwisho. Kama unaweza kumpangia mwananchi bei ya lita, unaweza kumwambia pia lita ya nini. Halafu kuna OCC, ambayo kazi yake ni kuangalia ubora wa bidhaa zinazoingia, na inalipwa kwa kazi hiyo. Ikichukua sampuli kule Kasindi, matokeo yanakwenda wapi? Sisi wanunuzi hatujawahi kuona karatasi. Katiba, kifungu cha 24, inasema kila mutu ana haki ya kupata habari. Siasa tu? Hata ile ya tanki yetu ni habari.

Na asituambie mutu kwamba hili ni jambo la mafundi, halina serikali ndani. Historia ya oktani ni historia ya serikali. Mwaka 1921, ndani ya laboratwari za General Motors kule Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba ukiweka kidogo ya dawa yenye madini ya risasi ndani ya esansi, motere inaacha kugonga. Ilikuwa njia ya bei nafuu ya kupandisha namba. Dunia nzima ikaitumia, na ile risasi ikatoka kwenye moshi, ikaingia ndani ya damu ya watoto na kuharibu akili zao. Hakuna mama aliyeweza kuiona kwa macho kwenye pompi. Ilitoka vipi? Mwezi wa sita 2001 serikali za Afrika kusini ya Sahara zilikutana Dakar na kukubaliana kuiondoa. Kufika mwanzo wa 2006 ilikuwa imekwisha kwenye upande wetu wa Afrika, na Algeria, ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021. Kwa hiyo inawezekana. Walipima, waliandika, walikataza, na ikatoka mpaka huku kwetu, ambako watu wanasema hakuna kitu kinachowezekana.

Tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tuliambiwa kwamba faida yake itafika mpaka kwa mutu mdogo. Esansi yetu yote ya huku inapita ndani ya inchi za Jumuiya, na inatoka kule ikiwa na karatasi. Tunaomba ile karatasi ivuke mpaka pamoja na kamyo. Hiyo peke yake ingekuwa faida tungeishika mkononi.

Tunachodai hakihitaji bajeti ya Bunge. Kila pompi iandikwe namba, kwa herufi ambazo motari anaweza kusoma bila kushuka kwenye moto. Cheti cha shehena ya mwisho kibandikwe ukutani, fasi ya wateja, siyo ndani ya meza ya meneja. OCC ichukue sampuli mjini pia, kwenye pompi zenyewe, bila kutoa taarifa mbele, na itangaze matokeo kwa redio, ya wazuri na ya wabaya. Na fakture iandike namba. Siku pistoni inatoboka, tuwe na karatasi ya kupeleka mbele ya hakimu. Wanasheria wasio na kazi, munaona, hatukosi.

Mpaka siku hiyo, kuna kitu kidogo munaweza kufanya wenyewe. Chukua karatasi nyeupe safi, tia tone moja la esansi, mbali na moto na bila sigara, ngoja ikauke. Esansi nzuri inaruka na haiachi alama ya maana. Ikibaki doa la mafuta, kuna kitu kizito ndani, mara nyingi petroli ama mazutu. Hii haikuambii oktani, oktani inataka ile motere ya laboratwari. Inakuambia tu usinunue pale tena. Wale wa kemia kati yetu wana densimetre: esansi iko kati ya 0,72 na 0,78 hivi, petroli inakwenda karibu na 0,80. Usisahau kupima joto pamoja, bila hivyo namba yako haina maana. Kipimo hicho kimoja kinatosha kwa kata nzima, mukikusanya pesa kidogo kidogo.

Na tunaomba kazi moja kwa kila anayesoma. Juma hii, ukienda kuweka esansi, ama ukiwa nyuma ya moto na motari amesimama kuweka, uliza: "Ni oktani ngapi?" Uliza kwa heshima, yule kijana hana kosa. Omba fakture. Kama kuna namba kwenye pompi, piga picha ya namba, tutaitangaza ile stasioni bure na kwa furaha, inastahili wateja. Kama hakuna, andika tarehe, saa, na jibu ulilopewa, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Usipige picha ya uso wa mfanyakazi. Tutumieni mpaka Jumapili jioni. Siku ya Jumatatu tutachapisha yote kwenye karatasi na kuipeleka OCC na kwa mayor, na tutaomba watie stempu ya kupokea kwenye kopi yetu.